Hodhi la Chumba Kumi na Saba

Nina jambo la kusimulia ambalo hakuna atakayeliamini, na afadhali niseme mapema ili asiyetaka kuamini aondoke, na kiti chake akikalie mwingine. Pale Gede nimelisimulia kwa mdomo mara nne, na sasa naliandika. Mara zote nne watu wamesikiliza hadi mwisho, wakanilipia chai, kisha wakaniita mwongo. Chai nilikunywa. Lakini hodhi lenyewe nililibeba kwa mikono hii, tena upande wa mbele, ule mzito, na aliyebeba hodhi la chuma kutoka barabarani hadi uani hasahihishwi na mtu aliyekuwa amekaa.

Mwenye kisa ni Lewis Kombe wa Mida, mume wa dada yangu Pola. Kwa hivyo ni mulamu wangu, shemeji halisi, nami nina haki zote za kumcheka.

Kombe alifanya kazi katika hoteli moja ya Watamu miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mtu wa vyumba: kutandika vitanda, kufagia mchanga, kukunja taulo mpaka zikawa bata wawili wanaobusiana juu ya shuka, na kusugua mahodhi ya kuogea. Waitaliano walimwita Luigi. Wapo walioondoka wakarudi baada ya miaka kumi, wakamkuta palepale amepiga magoti, brashi mkononi, wakapiga kelele "Luigi!" kama watu waliomwona amefufuka. Na katika miaka hiyo yote, mtu huyu aliyejua kila hodhi kwa mikwaruzo yake hakuwahi kuingia ndani ya hata moja. Wafanyakazi walikatazwa. Akifika nyumbani alioga kama sisi wote, kwa ndoo na kata, nyuma ya mlango wa mabati.

Hakulalamika. Ila alikuwa na tabia moja. Akimaliza kusugua, alifungulia maji kidogo, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Halafu anazibua, anapangusa, anahamia chumba kingine. Alinieleza mwenyewe, na alijuta palepale, maana ananijua.

Sasa, mwaka juzi magoti ya Pola yaligoma. Kuinuka kutoka kwenye kigoda ikawa kazi ya kushika ukuta na kuwataja watakatifu. Siku moja akateleza bafuni. Hakuvunjika, lakini tangu hapo ikawa lazima aogeshwe. Mara jirani, mara mpwa, kila mmoja na haraka zake. Dada yangu ni mtu wa haya. Mtu aliyelea watoto watano na kuwaosha wote, sasa anaambiwa na jirani, "Inua mkono." Daktari wa kliniki akasema magoti yale yanataka maji ya uvuguvugu, akae ndani yake, asichuchumae tena. Pola akarudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwa, akasema neno ambalo Kombe hajalisahau mpaka leo.

"Baba Kabibi, mimi sitaki makubwa. Nataka kuoga peke yangu, nimefunga mlango, niimbe."

Maana zamani alikuwa akiimba bafuni kila jioni. Kombe akirudi na baiskeli kutoka Watamu, alijua amefika kwake kwa kuusikia wimbo kabla hajaliona paa. Tangu Pola aanguke, bafu lile lilikuwa kimya.

Kombe alipostaafu, hoteli ilikuwa inabomoa mabafu yake ya zamani ili iweke ya kisasa yasiyo na mahodhi. Meneja akamwambia achague zawadi ya kuagwa, saa ya ukutani au cheti ndani ya fremu.

"Nipe hodhi moja," akasema Kombe.

"La nini?"

"La mke wangu."

Mwezi huohuo binti yao Kabibi, aliyeolewa Rabai, akajifungua, na Pola akaenda kumlea mzazi siku arobaini. Kombe alimsindikiza hadi barabarani akimbebea mkoba. Pola alipokwisha kukaa garini, Kombe akainama dirishani.

"Mekabibi," akasema, maana ndivyo anavyomwita mama wa Kabibi, "ukirudi utaoga umekaa, umejifungia mlango."

"Na ndoo?"

"Ndoo utapandia maua."

Pola alimshika mkono kidogo, gari likaondoka. Na Kombe akabaki barabarani na ahadi ya siku arobaini, hodhi ambalo bado liko Watamu, na bafu lenye sakafu ya saruji iliyopasuka.

Akamwita Kahonzi. Kahonzi ni fundi wa mifereji wa Timboni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayeendesha baiskeli na mabomba ya futi nane yamefungwa ubavuni. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unayeingia shambani. Maneno yake machache, spana yake kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahonzi, mimi mahodhi nayajua. Utafuata ninavyokuambia."

"Sawa, mzee. Liko wapi nilipime?"

"Bado liko hotelini, litakuja mwisho. Wala halina haja ya kupimwa. Liko hapa," akajigonga kipaji.

Kahonzi alikitazama kile kichwa kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kuweka futi kamba. "Basi nitapima ukuta," akasema.

Kombe akapiga magoti kwenye sakafu tupu, akauelekea ukuta, akashika brashi ya hewani. "Angalia. Naanza hapa, mkono wa kulia. Mfereji uko kulia, na tundu la kutolea maji liko kulia, chini ya mfereji. Halafu nasugua nikielekea kushoto, kwenye mgongo wa kulalia. Miaka thelathini na mmoja, Kahonzi. Mkono wa kulia."

Na alivyosugua ile hewa, wallahi sakafu iling'aa. Kahonzi akatia alama ya chaki upande wa kulia wa ule ukuta mrefu. Bomba likachimbiwa ndani ya ukuta, likaachwa mdomo tu, na fundi wa vigae akafuata nyuma yake na vigae vyeupe kutoka chini hadi juu. Kazi safi. Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Sasa vikabaki vile vya kuonekana: mfereji wenyewe, mdomo wa kumwagia maji hodhini, na shawa. Kahonzi akasema, "Tutaenda pamoja dukani."

"Mwanangu, nimepangusa mifereji mingi kuliko nywele zako. Kaa ule nazi."

Kombe akaenda Malindi peke yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Ndinda, mama wa Kikamba aliyekuja pwani kwa wiki mbili miaka ishirini iliyopita. Ndinda hauzi kitu kabla ya kukuhoji.

"Karibu, mzee. Maji yako ni ya kampuni ama ya kisima?"

"Maji ni maji."

"Tanki yako iko juu kiasi gani?"

"Iko juu."

"Uko na maji moto na baridi, ama ni bomba moja tu?"

Kombe alikuwa amekwisha kutoa leso mfukoni. Maana mulamu wangu alikuwa na njia yake ya kuchagua mfereji, na sidhani kama kuna mtu mwingine chini ya jua anayeitumia. Aliupulizia pumzi, akaupangusa mara moja, akauinua kwenye mwanga. Ukiacha doa, aliurudisha. Usipoacha, aliupulizia mara ya pili. Alipita rafu nzima hivyo, akipuliza na kupangusa, na Ndinda akimfuata nyuma kama shahidi. Wateja waliacha kununua misumari wakaja kutazama. Mwisho akatoka na vitu vitatu: mfereji wa mkono mmoja uliokaa kwenye sahani inayong'aa, mdomo mpana wa kumwaga maji kama pazia, na shawa kubwa kama sinia ya pilau.

"Mzee," akasema Ndinda, "hizi tatu hazijuani."

"Zitajuana nyumbani."

"Basi risiti usitupe."

Kombe akavipanga vile vitu vyake kwenye mkeka uani, kwa mstari, kama maharusi. Kahonzi akachuchumaa, akakiinua kimoja baada ya kingine.

"Huu mfereji ni wa mabomba mawili, la moto na la baridi. Wewe una mangapi?"

"Moja."

"Na hili tundu la pili nilizibe na nini, ugali?" Akaugeuza. "Halafu huu ni uso tu. Mwili wake unaozikwa ukutani hukununua. Umenunua kola bila shati, mzee."

"Endelea," akasema Kombe, kwa sauti ya mtu anayetaka uache.

"Huu mdomo wa pazia, meno yake ni ya robo tatu. Bomba lililotoka ukutani ni nusu inchi. Haviumani."

"Na shawa? Hiyo huwezi kuitia kasoro."

Kahonzi hakubishana. Alichukua mpira wa maji, akauunga na tangi, akaifunga ile sinia kwenye tawi la mpera, akafungulia. Kombe akavua shati, akasimama chini yake akiwa amenyanyua uso kama watu wa matangazo ya sabuni. Sinia ilikuwa na matundu mia mbili. Maji yalitoka kwenye matundu sita, tena kwa zamu.

"Mzee, umelowa?"

"Naanza."

Kuku akapita, akatazama juu, akaenda zake.

"Maji ya hotelini yanasukumwa na mashine," Kahonzi akasema. "Ya kwako yanateremka tu. Tangi lako limesimama futi tisa, halina nguvu ya kujaza matundu mia mbili. Tena ni maji ya kisima, yana chumvi. Huu mng'ao wote utakuwa umeliwa kabla ya Krismasi. Chagua kitu kinachoendana na maji yako, usichague kinachoendana na leso yako."

Kombe akavaa shati bila kufunga vifungo. Aliumia, nisiseme uongo. Mtu akikosolewa katika kitu asichokijua anacheka. Akikosolewa katika kile alichokipigia magoti maisha yake yote, anatafuta mahali pa kuketi. Akasema, "Ngoja hodhi lije. Hodhi likija utaona."

Likaja Alhamisi. Pola alikuwa anarudi Jumamosi. Ochola, dereva wa tuktuk, alilileta kutoka Watamu limelala nyuma, limechomoza kulia na kushoto kama mbawa, na mimi nimelishikilia ndani nikiwa nimejikunja kama dagaa. Pale njia panda ya Gede watu walivua kofia wakidhani ni jeneza la mtu mkubwa. Polisi mmoja alipiga saluti. Nami nikaipokea, ningefanyaje?

Tukalibeba, tukaliingiza bafuni, tukalisukuma hadi likagusa vigae. Lilienea kama lilizaliwa pale. Kombe akafurahi mpaka akapiga magoti palepale, akanyoosha mkono wa kulia kulitafuta tundu la kutolea maji.

Mkono haukupata tundu.

Akapapasa tena, polepole, kama mtu anayetafuta miwani gizani. Halafu sisi wote tukatazama kushoto. Tundu lilikuwa kule, upande mwingine kabisa, linatuangalia kama jicho la pweza.

"Mzee," akasema Kahonzi taratibu, "hili hodhi limetoka chumba gani?"

"Kumi na saba."

"Na wewe ulikuwa ukisugua vyumba gani?"

Kombe akajibu kwa sauti ndogo, "Mbili, nne, sita... hadi ishirini na nne. Upande wa bahari. Kumi na saba ilikuwa ya mwenzangu Easter."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Kwenye hoteli ile vyumba vimetazamana, safu hii namba za shufwa, safu ile za witiri, na ujenzi wake umegeuzwa kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Kila kilichokuwa kulia kwa Kombe kilikuwa kushoto kwa Easter. Miaka thelathini na mmoja wamekutana ukumbini kila asubuhi na ndoo zao, wakaulizana habari za watoto, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake mfereji wako uko upande gani.

"Tuligeuze basi," nikasema mimi.

"Litageuka vipi?" akasema Kahonzi. "Tazama, uso wake uliopakwa rangi ni mmoja tu. Ukigeuza, Mama Pola ataoga akitazamana na kutu na miguu ya chuma."

"Basi tubomoe."

Tukavitazama vigae. Vyeupe, hadi juu. Fundi wa vigae alikuwa amekwenda zake Kilifi, na Kahonzi alikuwa na tindo moja na siku moja na nusu. Kombe akakaa kwenye ukingo wa hodhi, mikono katikati ya magoti. Nje, ndoo ya Pola ilikuwa imeinamishwa kwenye kigingi chake.

"Nimemwambia atapandia maua," akasema. Hakuwa akimwambia mtu.

Kahonzi alikuwa amesimama akiuangalia ule mdomo wa bomba ukutani, akilitazama hodhi, akirudi kwenye bomba. Halafu akasema, "Mzee, ingia."

"Wapi?"

"Ndani ya hodhi. Ulale, kama mama atakavyolala."

Kombe akageuka akatazama mlangoni. Ndiyo, jamani, alitazama mlangoni! Mtu yuko nyumbani kwake, na hodhi ni lake, anaogopa meneja asije akamkuta. Kisha akavua makubazi, akayapanga sawasawa, akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili. Akaketi. Akajiegemeza polepole kwenye mgongo wa kulalia, wa aina ile aliyokuwa ameisugua, kwa hesabu yangu, mara laki tano. Hodhi lilikuwa kavu, lina vumbi la barabara, na Kombe amelala ndani yake na suruali yake ya kazi, akitazama dari.

"Loo," akasema.

"Nyoosha mkono wa pembeni. Usiinue mgongo, usikunje magoti."

Kombe akanyoosha mkono. Vidole vyake vikagusa mdomo wa bomba. Ulikuwa hapo hapo, ubavuni pa bega lake, mahali mtu anapoweka kikombe cha chai.

"Sasa niambie. Kule hotelini mfereji ulikuwa upande wa miguu. Mgeni akitaka kuongeza maji alifanyaje?"

Kombe akafikiri. "Aliinuka. Akakunja magoti, akainama mbele." Akaugusa tena ule mdomo wa bomba, akautoa mkono, akaugusa. "Kahonzi... mimi nimelijua hodhi kwa nje tu."

"Nani alisema mfereji lazima ukae juu ya tundu?" akasema Kahonzi. "Maji yataingilia huku, yatatokea kule. Nitatoboa ukuta upande wa kushoto, tundu moja tu, chini kabisa sakafuni, yaende kwenye mnazi. Mnazi haujali chumvi."

Kombe alikataa kutoka ndani ya hodhi kwa muda wa saa nzima. Haya, robo saa. Ilibidi Kahonzi amwambie ana kazi ya kufanya.

Ijumaa asubuhi wakaenda Malindi wote wawili. Ndinda aliwaona wakivuka barabara, akaanza kusafisha mahali juu ya meza pa kupokelea vitu vinavyorudi.

"Mzee! Zimejuana?"

"Zimekataa," akasema Kombe. "Uliza yale maswali yako tena. Atajibu huyu."

"Maji?"

"Kisima, ya chumvi."

"Tanki?"

"Futi tisa."

"Mabomba?"

"Moja, nusu inchi. Maji moto ni jua. Tangi jeusi, ikifika alasiri unaweza kuchovya majani ya chai."

Ndinda akapiga kofi la furaha, kwa kuwa hatimaye amepata mteja mwenye majibu. Alileta mfereji wa shaba tupu, mzito, usio na mng'ao wowote, wenye midomo miwili: mmoja wa kujazia hodhi, wa pili wa kufungia mpira wa shawa ya mkononi, na kitufe katikati cha kuamua maji yapite wapi. Shawa, mpira na mfereji vyote vya kiwanda kimoja. Kahonzi hakuutazama hata usoni. Alitoa mfukoni kipande cha bomba cha urefu wa kidole, akaukaza mfereji juu yake kwa vidole viwili. Ukazunguka mara tano, laini, ukasimama. Akaufungua. Akafanya vivyo hivyo kwa mpira, na kwa shawa, moja baada ya nyingine. Mwisho akachukua kizibo chenye mnyororo, akakilinganisha na kipimo cha tundu alichokichora kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Kombe akatoa leso. Hakuweza kujizuia. Akaupulizia ule mfereji, akaupangusa, akauinua kwenye mwanga.

"Hauakisi uso," akalalamika.

"Utapitisha maji," Kahonzi akasema.

Walifunga kila kitu siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, tepu nyeupe kwenye meno, spana, kisha kitambaa kikavu cha kupitisha kwenye kila kiungo kuona kama kinalowa. Hakikulowa. Kahonzi akaongeza kipande cha bomba la chuma ukutani, usawa wa kiuno, kiwe mshiko wa kuingilia na kutokea. Hilo hakuagizwa na mtu.

Jumamosi, kwenye alasiri, Pola akafika. Kombe alikuwa amevaa lile shati jeupe la hotelini lenye jina mfukoni, kana kwamba anapokea basi zima la wageni. Alimsalimia, akauliza habari za Kabibi na mtoto, akasikiliza majibu yote bila kusikia hata moja, akamwongoza hadi bafuni akamfungulia mlango.

Pola akasimama kizingitini. Vigae vyeupe. Hodhi. Juu ya ukingo wake, taulo mbili zimekunjwa zikawa bata wawili wanabusiana, na katikati yao ua moja la mjohoro.

"Hawa bata ni wa nini?"

"Ni wa kujifutia."

Pola akacheka, akafunika mdomo. Akalizunguka hodhi kwa macho, akaushika ule mshiko, akautingisha; haukutingishika. Halafu akasema, "Lakini baba Kabibi, mbona mfereji uko huku kwenye mgongo? Nilidhani hukaa miguuni."

"Nilipanga hivyo," akajibu Kombe, macho hayapepesi. "Ili uufikie bila kuinama."

Kahonzi, aliyekuwa anakusanya vifaa vyake, akashikwa na kikohozi. Akachukua spana, akakaza kitu kilichokuwa kimekwisha kukazwa.

"Basi tokeni," akasema dada yangu. "Wote."

Tukatoka. Tukasikia komeo likiingia. Kombe akavuta kigoda, akaketi mgongo wake ukigusa mlango. Tukasikia maji, mkondo mnene, si haraka, yakipiga chuma, kisha yakipiga maji. Kisha yakafungwa. Kisha kimya. Kombe akaanza kusugua magoti yake mwenyewe kwa viganja.

"Mekabibi?"

Kimya.

"Mekabibi, umeteleza?"

"Niache, bwana! Ndiyo nakaa!"

Kimya tena, mpaka ukasikia mnazi ukinywa. Na hapo, kutoka nyuma ya mlango, ikatoka sauti, kwanza kama mtu anayejaribu kama ufunguo bado unaingia, halafu ikapanda. Kombe akainamisha kichwa. Na Pola akaimba, ndugu zangu, akaimba nyimbo arobaini na mbili bila kupumzika, za kanisa, za harusi na za kubembeleza watoto, saa tano nzima, mpaka ndege wa mikokoni wakanyamaza ili wajifunze, na kule Watamu Waitaliano wakaisikia, wakaja mbio na kamera zao, watu hamsini, wakijaza ua mzima na kulia "Luigi! Luigi!", na Kombe akapanda juu ya ile ndoo ili awahutubie, akainua mikono, na tangi lenyewe likaanza ku—

"Mulamu, weka kalamu chini," anasema Kombe, ambaye ameingia bila hodi na kusimama nyuma ya kiti changu. "Mwitaliano hakuwapo hata mmoja. Ile ndoo ilikwisha kutiwa udongo. Na nyimbo zilikuwa tatu, ya tatu akairudia. Nilikuwa mlangoni, nilizihesabu."